Mwanangu Anaitwa Akinyi

Kwa miaka mingi nilikuwa na msimamo mmoja kuhusu majina, na sikuuficha: mtoto nitakayemzaa hatabeba jina la kuazima. Nililisema hilo chuoni, nikalisema kazini, nikamwambia hata mchumba wangu kabla hajaja kwetu kutoa mahari. Leo nina binti anayeitwa Akinyi. Mimi ni Mngoni wa Peramiho, baba yake ni Mmatengo wa Mbinga, na katika koo zetu zote mbili hakuna Mjaluo hata mmoja. Nimeamua kuandika ushuhuda huu kwa sababu naulizwa kila mara imekuwaje, na jibu la kupeana njiani halitoshi.

Anayetaka kuelewa msimamo wangu wa zamani aende parokia yoyote kati ya Songea na Mbinga siku ya Jumapili, asikilize matangazo ya ndoa. Atasikia Walburga, Winfrida, Kunigunda, Gaudensia, Sigisbert. Mimi mwenyewe nilibatizwa Otilia. Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, kutoka Bavaria, walianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, na walikuja na kalenda ya watakatifu wao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 761, ilimtaka padre ahakikishe anayebatizwa anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakishikilia lao, padre aongeze la mtakatifu na yote mawili yaandikwe kitabuni. Padre Mjerumani aliyeombwa jina alitaja yale aliyokua akiyasikia kwao. Ndivyo mtoto aliyezaliwa kwenye miteremko ya Umatengo, msimu wa kuchimba ngoro, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, alivyorudishwa nyumbani na jina la abesi wa Ujerumani. Jina la nyumbani lilibaki midomoni mwa bibi na mashangazi, na walipokufa wakaenda nalo.

Chuo kikuu hasira yangu ikapata vitabu. Nikasoma jinsi Mobutu alivyowapiga marufuku Wazaire kutumia majina ya ubatizo mwaka 1972, yeye mwenyewe akiacha Joseph-Désiré na kuwa Mobutu Sese Seko. Nikasoma jinsi Ngũgĩ wa Thiong'o alivyoliacha jina la James. Mobutu hakunivutia, kwa sababu mtu anayeamriwa na serikali ajiite nani bado hajajiita. Ngũgĩ alinigusa sana. Nikanunua daftari kubwa la kaunta, na kila likizo nikawa nazunguka kwa wazee nikiuliza majina ya kike ya ukoo: lilikuwa la nani, alizaliwa wapi, alipewa na nani.

Daftari lile lilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, wametoka kusini ya mbali, na kila walikopita waliwachukua watu wakawafanya kuwa Wangoni. Lugha waliyotoka nayo huko haizungumzwi tena Ruvuma. Kingoni tunachosema leo kimejengwa juu ya lugha za wenyeji tuliowakuta. Basi kila jina nililoambiwa ni la asili kabisa, nikilifuata vizazi viwili vitatu nyuma, nilimkuta mama aliyechukuliwa vitani, au mke aliyekuja na jina kutoka kwao. Wazee hawakuona tatizo lolote hapo. Walinisimulia habari za mwanamke yule aliyekuja, kwao walikuwa watu gani, alilima wapi, aliwazaa kina nani, kisha wakaniambia: huyo ndiye sisi. Nilifunga daftari nikiwa sina raha, ila msimamo wangu niliendelea kuushika.

Kisha nikapangiwa kufundisha Rorya, mkoani Mara. Mtu wa Songea akipangiwa Rorya anavuka nchi nzima: Njombe, Iringa, Dodoma, Singida, Shinyanga, Mwanza, Musoma, na akishashuka Musoma bado ana safari. Mume wangu, aliyeajiriwa idara ya uvuvi, aliomba uhamisho akanifuata. Tulipanga vyumba viwili Shirati, nyumbani kwa Mama Ochieng na mzee wake. Shirati ni mahali ambapo wamisionari Wamenoni walifika mwaka 1934, kwa hiyo huko nako majina ya ubatizo ni mengi, lakini nilishangaa kuona kwamba hayakulifukuza jina la nyumbani. Mwanafunzi wangu alikuwa Peter kwenye daftari la mahudhurio na Otieno kila mahali pengine, na majina yote mawili aliyaitikia kwa sauti ileile.

Nikapata ujauzito. Mama yangu hakuweza kuja, alikuwa anamuuguza bibi. Mama Ochieng hakungoja kuombwa. Alinipokonya ndoo mkononi nikitoka kisimani, asiseme neno, akaibeba yeye. Asubuhi aliniletea uji wa mtama, jioni alinitumia kichwa cha sato kwenye bakuli lenye mfuniko, kwa sababu mjamzito, alisema, hali mkia. Miguu ilipovimba alikaa nami kliniki tangu asubuhi mpaka tulipoitwa, na muuguzi alipouliza huyu ni nani wako, alijibu kabla sijafungua mdomo: "Mimi ndiye mama yake wa hapa."

Uchungu ulinianza usiku. Binti alizaliwa jua likichomoza upande wa milima ya Tarime, na ndani ya wodi taa bado zilikuwa zinawaka. Mama Ochieng aliingia na chupa ya uji, kanga begani, akafunua kanga ya mtoto kwa kidole kimoja, akamtazama kwa muda. "Akinyi," akamwambia. Kisha akanigeukia: "Min Akinyi, kunywa uji ungali moto." Min ni mama. Mpaka siku ile mtaa mzima ulikuwa unaniita Mwalimu.

Kwa Wajaluo, saa ya kuzaliwa hutoa jina. Akinyi ni wa asubuhi, Anyango jua likishapanda, Achieng wa jua kali la mchana, Adhiambo wa jioni, Atieno wa usiku. Kwa wavulana herufi ya kwanza inakuwa O. Mvua ikinyesha anakuwa Akoth. Akizaliwa wakati wa palizi anaweza kuwa Adoyo, wakati wa mavuno Akeyo. Pacha wa kwanza ni Apiyo, anayemfuata Adongo, na atakayezaliwa baada yao ni Akelo. Ukikaa huko muda mfupi tu unaanza kusoma majina ya watu kama watu wanavyosoma saa. Wala jambo hili si geni kwetu wasemaji wa Kiswahili: tuna Juma na Hamisi, tuna Mwajuma, tuna Chausiku. Na mapacha wa nchi hii, wawe wa Lindi au wa Arusha, wangapi wanaitwa Kulwa na Doto na wazazi wao hawajui neno la Kisukuma wala la Kinyamwezi? Songea kwetu wapo.

Mume wangu aliniuliza siku ileile kama tuliandike jina la Akinyi. Nikamwambia subiri. Nilirudi nyumbani na mtoto asiye na jina rasmi, na daftari langu la kaunta likiwa chini ya mto. Lakini majirani waliokuja kumwona hawakuuliza jina. Waliingia wakisema, Akinyi ameamkaje? Akinyi amenyonya? Mtoto akilia usiku, Mama Ochieng aligonga ukuta wa upande wa pili akamwita, na mtoto, Mungu ni shahidi yangu, akatulia. Nilikuwa nalala pale na kulipima jambo moja tu: kwa nini jina hili halinikeri, mimi niliyekerwa na Otilia tangu kidato cha pili?

Nilipopata jibu lilinifungua. Sikukasirikia Otilia kwa sababu ni jina la Kijerumani. Nilikasirika kwa sababu aliyelileta hakujua nilizaliwa lini wala kwa shida gani, na huko lilikotoka hakuna mtu ambaye angeuliza habari zangu kama nisingeonekana. Lilikuwa jina lisilo na mtu nyuma yake. Akinyi lilikuwa na mtu nyuma yake, na mtu huyo alikuwa upande wa pili wa ukuta.

Hapo swali likageuka. Sasa sikujiuliza tena kama jina la kabila lingine lina ubaya. Nilijiuliza kama sisi tuna ruhusa. Kuitwa na jirani ni jambo moja, kwenda kuandikisha serikalini ni jambo jingine. Na hapa nilimkumbuka mgeni mmoja aliyewahi kuja chuoni kwetu, mwanamke Mmarekani Mweusi, ambaye jina lake lilikuwa mojawapo ya zile nguzo saba za Kwanzaa. Sikukuu ile ilianzishwa Marekani mwaka 1966 na Maulana Karenga, na nguzo zake zote ziko kwa Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Wazazi wake walimpa jina kutoka humo wakiwa hawajafika Afrika hata siku moja. Wengine pale chuoni walimcheka. Yeye alituuliza, kwa heshima kubwa, sisi tunaojifunza na kuota kwa lugha hii, kama tunaona sawa yeye kulibeba. Hakuna aliyekuwa amewahi kutuuliza kitu cha namna hiyo. Mimi nilitamani kumkumbatia. Baba wa baba yake alizaliwa na jina la bwana aliyewamiliki mababu zake. Kati ya jina lile na neno alilochaguliwa na wazazi kwa matumaini, nani angemnyima hili la pili? Lakini kilichonikaa ni kule kuuliza kwake. Kulitufanya wenyeji wake.

Tukaenda kuuliza. Kabla ya kujaza fomu ya usajili, mume wangu alinunua sukari, majani ya chai na kitenge, tukavuka ua tukiwa tumevaa nguo za kanisani. Mzee alikuwa ameketi chini ya mwembe, redio ndogo gotini. Aliizima. Mume wangu akaeleza: Mama ametuitia mtoto jina, sisi tumelipenda, ila si watu wa hapa, tumekuja kuomba kama tunaweza kulichukua tuende nalo popote tutakapohamishiwa.

Mzee hakujibu upesi. Alimwomba Mama Ochieng aketi, kisha akatuambia jambo ambalo sijalisoma kwenye kitabu chochote cha majina ya watoto. Kwao, alisema, majina si ya aina moja. Kuna la saa, hilo wamepewa watoto wengi na kila siku linazaliwa upya. "Asubuhi ni ya kila mtu. Chukueni." Lakini kuna jina la marehemu wa ukoo, ambalo halichaguliwi. Aliyekufa huja mwenyewe katika ndoto kudai mtoto, au mtoto hulia bila kukoma na wazee huanza kutaja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka lile litakalomnyamazisha. "Ungekuja kuniomba jina la mama yangu kwa sababu limekupendeza masikioni, ningekunyima, na tungebaki marafiki." Na kuna jina la msiba. Binti yao mkubwa alikuwa Awiti. Kabla yake walizika watoto wawili. Alipozaliwa yeye, walimweka nje kama kitu kilichotupwa, mwanamke mwingine akaja akamwokota kama wake, ili kifo kisimtambue. "Hilo si jina la kupendeza," alisema Mama Ochieng. "Hilo tulilia ndipo tukalipata."

Halafu Mzee akaweka sharti lake. Hakutaka sukari wala kitenge, ingawa alivipokea. Alisema: "Mkishalichukua, tukiwa na msiba hapa mtasikia. Msikae kimya."

Fomu ya cheti cha kuzaliwa ni fupi. Jina la mtoto, la baba, la ukoo. Hakuna mahali pa kueleza jina limetoka kwa nani. Nilimwandikia Akinyi, na ofisa wa kata, Mjaluo, akanitazama, akaangalia jina la ukoo wa Mbinga, akanitazama tena. "Mmeolewa huku?" Nikamwambia tumezaa huku.

Kwa wakwe ilikuwa kazi. Katika ukoo wa mume wangu binti wa kwanza huitwa kwa jina la bibi mzaa baba, na kila mtu alikuwa anasubiri. Baba mkwe aliposikia kwenye simu alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. "Ukoo wetu umeishiwa majina?" akauliza. Nilimwelewa, na namwelewa mpaka leo. Jina la bibi si sauti tu. Bibi akifariki, jina linabaki likiitwa uani, mtu anatumwa nalo dukani, anagombezwa nalo, anasifiwa nalo. Kumnyima mzee jambo hilo ni kumwambia kwamba atakwisha. Hata kama nilikuwa na sababu zangu zote, kidonda chake kilikuwa cha kweli.

Tulipompeleka mtoto Mbinga kubatizwa ndipo yalipotokea mambo niliyokuwa siyategemei. Padre, kijana wa hukohuko, alituambia kwamba Akinyi peke yake linatosha. Sheria mpya ya Kanisa, ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe kinyume na maana ya Kikristo. Mlango ambao bibi zangu hawakufunguliwa ulikuwa wazi mbele yangu. Ningeweza kutoka pale na mtoto asiye na jina lolote la Ulaya. Na bibi mzaa baba, yule ambaye jina lake lilitarajiwa, jina lake ni Walburga.

Nilikuwa nimeshasoma kuhusu Walburga. Hakuwa Mjerumani. Alizaliwa Uingereza karne ya nane, akavuka bahari kwenda kufanya kazi ya umisionari kwa Wajerumani, akawa abesi wa Heidenheim. Masalia yake yako Eichstätt mpaka leo. Mjomba wake ni Mtakatifu Bonifasi, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Winfrid, ndiyo asili ya akina Winfrida wetu wote. Kwa hiyo jina lile lilikuwa la mgeni huko Ujerumani kabla halijawa la mgeni Umatengo. Kuna mtu wa Eichstätt aliyelisikia kwa mara ya kwanza likiwa gumu mdomoni, kisha akampa binti yake.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, nje ya jiko, anachambua maharage. Nikamweka mtoto mapajani mwake. Akaniuliza, bila hasira yoyote, "Huyo Akinyi ni nani?" Kila mtu mwingine alikuwa ameniuliza ni jina la wapi, au lina maana gani. Yeye aliuliza ni nani. Nikamweleza habari za Mama Ochieng: ndoo, uji, kliniki, ukuta. Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea na maharage. "Yuko hai?" Nikasema yuko hai. "Basi mwambie kuna mtu huku anamshukuru." Akamwita mwanawe, mume wangu, akamtuma kahawa ya shambani mwake itwangwe na ifungwe vizuri kwa safari.

Nilimtazama yule mama mzee, mikono yake iliyochimba ngoro maisha yote, na ikaniingia kwamba Walburga si jina la Wajerumani tena. Limelima. Limezika watoto na kulea yatima. Limeitwa gizani na watoto wenye homa. Mapadre wale hawakuuliza, na hilo siwezi kuliita jema. Lakini yeye alilichukua jina lisilo na mtu nyuma yake, akasimama nyuma yake yeye mwenyewe. Nikamwomba padre aandike yote mawili. Binti yangu ni Akinyi Walburga. Na tangu siku ile, mtu akiniita Otilia naitika bila uchungu. Kwa mapokeo, Otilia alizaliwa kipofu na akapata kuona alipobatizwa. Naona hilo ni jina ambalo mtu anaweza kukua nalo.

Kahawa ya Mbinga ilifika Shirati. Shirati ikajibu kwa dagaa wa ziwani, wamekaushwa sawasawa, mfuko mzima. Bibi akatuma maharage. Mpaka bibi anafariki, wale wanawake wawili hawakuwahi kuonana, lakini walitumiana vitu kila tulipopata mtu wa kusafiri, na kila mmoja alijua mwenzake anaumwa nini.

Tulihamishiwa Dodoma. Akinyi alikuwa ameshaanza shule siku simu ilipopigwa alfajiri: "Mwambieni Akinyi babu yake ametangulia." Mume wangu aliomba ruhusa kazini, tukatoa mchango wetu, tukapanda basi. Msiba wa Kijaluo haufanywi haraka. Watu walikuwa wamejaa uani, na wanaume walikuwa wanafunga turubai tulipoingia. Sikujua tungewekwa wapi. Kwenye misiba ya watu kila mtu ana nafasi yake, na nilidhani yetu ingekuwa ya wapangaji wa zamani. Awiti, yule binti mkubwa, alimshika Akinyi mkono akampeleka moja kwa moja kwa wajukuu, akamketisha kati ya watoto wa kaka zake, na mwanamume mmoja aliyekuwa anaandika majina ya wajukuu kwa ajili ya wasifu wa marehemu aliuliza tu linaandikwaje la baba. Jina letu la Mbinga lilisomwa kaburini pale Rorya pamoja na mengine.

Nisipendezeshe mambo. Jina hili lina gharama, na anayelipa ni mtoto. Hakuulizwa. Stendi ya Dodoma mzee mmoja alilisikia nikimwita, akamjia akitabasamu: "Nyar kanye?" Binti wa wapi? Mtoto alimtazama bila jibu, na nikaona tabasamu la mzee linapungua, kwa sababu alidhani amekutana na Mjaluo aliyesahauliwa kufundishwa kwao. Shuleni wapo waliomtania kwa mzaha unaosemwa juu ya Wajaluo, mzaha ambao si wake kuubeba, na wapo Wajaluo waliomfanya ndugu kwa dakika mbili kisha wakajisikia wamedanganywa. Siku moja aliniuliza akiwa anavua viatu vya shule: "Mama, mimi ni Mjaluo?" Nikamwambia hapana. Wewe ni Mmatengo, mama yako ni Mngoni, na una nyumba Shirati. Alifikiri. "Basi nifundisheni Kijaluo, nikienda nisikae kama bubu." Ni haki yake. Sasa anazungumza na Mama Ochieng kwenye simu kila Jumamosi, dani, yaani bibi, anasema na yeye anarudia, na akikosea wanacheka wote wawili. Salamu anaziweza zote. Likizo ya Desemba ataenda peke yake na Awiti, ambaye siku hizi yuko Mwanza.

Mwaka huu mwalimu mwenzangu, Mhehe aliyeolewa na Mgogo, alijifungua mtoto wa kike. Kabla yake alikuwa amepoteza wawili, mmoja tumboni na mmoja akiwa na wiki chache. Alikuja nyumbani akanisikia nikiongea na Awiti kwenye simu. "Jina zuri hilo," akasema. "Fupi. Nimekuwa nalitafuta la namna hiyo." Zamani ningemwambia mtafutie mtoto jina la kwenu. Siku ile nilimwambia tu: usiliandike kwanza, zungumza na mama yake Awiti. Nikapiga simu Shirati, nikaweka spika.

Mama Ochieng alimsimulia alivyotusimulia sisi chini ya mwembe. Wale wawili aliowazika, majina yao. Mtoto aliyewekwa nje. Mwanamke aliyepita akamwokota. Mwenzangu hakuwa na habari ya maana ile alipolipenda jina, na nilijiandaa kumwona analiacha. Alilia kwa muda mrefu, mtoto akiwa kwenye ziwa. Kisha akasema hilohilo ndilo lake.

"Umesikia lakini," sauti ya Mama Ochieng ikasema. "Halipewi hivihivi. Lazima awepo wa kumwokota, na huyo atakuwa mama yake naye. Hapo Dodoma una nani?"

Mwenzangu akanitazama. Nikamwambia Mama Ochieng kwamba nipo.

"Wewe Min Akinyi? Haya. Chukua kalamu nikwambie cha kufanya, na msifanye kabla hujanipigia tena asubuhi. Na mume wake akubali. Huyo baba mtoto yuko wapi? Mwiteni."